Bethidei Iliyodhaniwa Mkutano wa Hadhara

Binti yangu wa kwanza aliipata habari ya bethidei kwenye banda la video. Jirani yetu, mwenye lori la kubeba pamba, alikuwa amenunua runinga, deki na jenereta, akageuza stoo yake kuwa sinema, na watoto wa mtaa mzima walikaa juu ya magunia wakitazama Wachina wakirushiana mateke. Siku moja kanda ya Wachina ikakwama, akaweka nyingine ya Wazungu isiyokuwa na ngumi hata moja. Watoto wengi waliondoka wamenuna. Wangu akabaki. Akamwona mtoto wa Kizungu amevalishwa kofia ya karatasi, amekaa kwenye nyasi za bustani, keki inawaka moto mbele yake, na watu wazima wanampigia makofi kwa sababu tu alizaliwa. Alirudi nyumbani akiwa mtu mwingine.

"Mama, mimi nilizaliwa lini?"

"Wakati wa kupalilia pamba."

"Siku gani?"

Siku niliijua, maana nilikuwepo. Nikaitaja. Akahesabu kwa vidole, akaona haiko mbali, akaniambia kwamba siku hiyo anataka keki, maputo, muziki, na yote hayo yafanyike bustanini. Nyumbani hataki, kwa sababu nyumbani kuna kuku.

Nilidhani baba yake angenisaidia kumtuliza. Nilikosea mtu. Mume wangu alikuwa karani wa kupima pamba kwa miaka mingi, mtu wa kuamka mapema na kulala mapema, hadi wanunuzi binafsi walipoingia na makarani wengi wakapunguzwa, naye akiwemo. Watu wengine wakipunguzwa kazi huugua. Yeye alichangamka. Alinunua spika mbili ndefu kama kabati, kipaza sauti na betri ya gari, akaanza kukodisha kwa wenye harusi, kwa wahubiri na kwa wanunuzi wa pamba walioshindana kupiga kelele sokoni. Tangu hapo kila jambo jipya alilipokea kwa neno moja.

"Ruksa!" akamwambia binti yake. "Siku hizi kila kitu ruksa. Kwa nini bethidei isiwe ruksa?"

Mimi nilikuwa nauza mitumba, kwa hiyo sikuwa na haki ya kuyasema vibaya mambo mapya. Nikakubali.

Mji wetu wa Bariadi ulikuwa na bustani moja ya umma, nayo ilikuwa karibu na ofisi za serikali. Ilitengenezwa haraka haraka kwa ajili ya kiongozi mkubwa aliyetarajiwa kupita. Akapita kweli, bila kusimama. Yakabaki mawe yaliyopakwa chokaa, mabenchi ya saruji yaliyochoma makalio mchana kutwa, na chemchemi ya kisasa ambayo haikuwahi kutema tone, kwa kuwa mji wenyewe ulikuwa unanunua maji kwa ndoo. Palikuwa na kibao kilichoandikwa usikanyage majani. Majani yalikwisha kuliwa na mbuzi, ambao hawakujua kusoma.

Ili kuitumia bustani hiyo ilibidi kuomba ruhusa kwa afisa mmoja aliyeletwa kutoka pwani. Alikuwa mtu msafi, suruali imenyooshwa mpaka unaogopa kujikata, na Kisukuma hakukijua hata cha kusalimia. Wakati huo vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa juzijuzi, na maofisa walikuwa hawajui bado ni mkusanyiko gani wa kuogopa na upi wa kuacha. Kwa hiyo waliiogopa yote.

"Mkusanyiko wa nini?" akaniuliza.

"Bethidei, bwana afisa. Mtoto wangu anatimiza miaka."

"Wahudhuriaji ni akina nani?"

"Watoto."

"Watoto wa nani?"

"Wa watu."

Akaniangalia. Nikamwangalia. Akauliza kama tutatumia kipaza sauti, nikasema tutapiga muziki kidogo, mume wangu ndiyo kazi yake. Hapo akaweka kalamu chini.

"Mgeni rasmi ni nani?"

"Hakuna mgeni rasmi."

"Mama, haiwezekani shughuli ya umma ikakosa mgeni rasmi."

"Basi ni mtoto mwenyewe."

Hakucheka. Baada ya kufikiri sana alikubali kwa masharti: pasiwe na hotuba, pasiwe na bendera, na kwenye kipaza sauti isitumike lugha nyingine isipokuwa Kiswahili. Tena akasema atakuja mwenyewe kuona. Nikamkaribisha. Ungefanya nini?

Shughuli ikiwa inakaribia, mama mkwe wangu akafika kutoka Mwanhuzi, juu ya lori, na mbuzi, gunia la michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na maoni yake. Mumewe alikuwa mfugaji mkubwa kule Meatu, na yeye mwenyewe alikuwa mwanamke wa kusema jambo likiwa bado la moto. Mimi ni mzaliwa wa Nassa, pembeni ya ziwa, na tangu siku niliyoolewa aliniita mtu wa samaki. Kila nilipompikia alinusa sahani kwanza.

Alipoelezwa kinachokuja, aliniuliza mishumaa ni ya nini.

"Kila mshumaa ni mwaka mmoja wa mtoto, mayu," nikamwambia. Mayu ndiyo mama, na hivyo ndivyo nilivyomwita.

"Inawashwa wapi?"

"Juu ya keki."

"Mbele za watu?"

"Ndiyo."

Akapiga makofi mara moja, kile kipigo cha msiba. "Baba mkwe wako alikuwa na ng'ombe wa kujaza bonde. Uliwahi kumsikia akitaja idadi yao? Alikuwa anawatazama tu, anajua kama wote wapo. Ng'ombe hahesabiwi kwa mdomo, sembuse mtoto! Ninyi mnawasha moto juu ya mkate, ili mchawi asipate hata taabu ya kuuliza."

"Mayu, sisi tumebatizwa."

"Na mimi nimebatizwa. Wachawi ndio hawajabatizwa."

Mume wangu naye, huyo wa ruksa, mbele ya mama yake alikuwa mtoto mdogo anayeangalia vidole vya miguu. Siku mbili nyumba ilikuwa na baridi. Mtoto alilia, bibi akamtazama akilia, na nadhani kile kilio ndicho kilichomlainisha, kwa sababu alikuja jikoni akasema amepata njia. Mishumaa iwekwe, ila idadi isiwe ya kweli. Mtoto alikuwa anatimiza sita. Tuweke tisa. Mchawi akihesabu, ahesabu uongo, dawa yake imtafute mtoto wa miaka tisa asiyekuwepo.

Nikasema ni akili kubwa. Sikuwa natania.

Kuanzia hapo shughuli ikawa ya kwake. Mume wangu alizunguka madukani kutafuta maputo. Soko huria lilikuwa limetuletea miwani ya jua, maua ya plastiki, na manukato yanayofukuza nzi pamoja na wageni, lakini hakuna aliyekumbuka kuleta maputo. Alirudi ameinama. Mama yake akamuuliza puto ni kitu gani, akaelezwa ni kifuko unachokijaza pumzi kikavimba. Asubuhi yake alikwenda machinjioni akarudi na ndoo ya vibofu vya ng'ombe. Akavisafisha, akavipuliza kwa bua la mtama mpaka mashavu yakamvimba kama anapiga baragumu, akavifunga kwa uzi na kuvianika kwenye kamba ya nguo. Vilikauka vikawa vyeupe, vyepesi, vinang'aa. Binti yangu alipoviona aliruka. Wale wa kwenye video, alisema, walikuwa na vya rangi tu, lakini vyake vinalia ukivipiga.

Keki aliipika mke wa mchungaji, ambaye alikuwa na sufuria kubwa na ujuzi wa kuweka mkaa chini na juu. Alikuwa na rangi moja ya kupambia, kijani. Nikamsihi aache keki iwe nyeupe. Miaka ile kila rangi ilikuwa na mwenyewe, na sikutaka mtoto wangu aingizwe kwenye chama kabla hajaanza darasa la kwanza. Mishumaa tulitumia ile minene ya dukani, ya kuwashwa umeme ukikatika. Tuliikata vipande, tukaichomeka. Keki ikafanana na mahame ya nyumba iliyobaki nguzo.

Jumamosi ikafika. Tulitandika mikeka bustanini baada ya kuwaswaga mbuzi, tukafunga vile vibofu kwenye vichaka, tukaweka meza. Watoto wa mtaani walikuja wamepakwa mafuta mpaka vumbi likawashika kama unga kwenye andazi. Mume wangu akawasha mitambo. Sasa, mtu yeyote mwenye spika hawezi kuanza bila kuzijaribu.

"Halo, halo! Moja, mbili! Wananchi, mnanisikia?"

Walimsikia mpaka sokoni. Neno hilo la wananchi lilikuwa mazoea yake tu ya kazini, lakini ndilo lililotuponza. Kwanza walikuja vijana wachache wenye baiskeli. Wakafuata akina mama waliokuwa wakiuza dagaa wa Lamadi, na vikapu vyao vichwani. Halafu wanaume waliotoka mnadani, fimbo mkononi, koti juu ya shuka, wakasimama duara kuzunguka mikeka na nyuso za watu waliozoea kuahidiwa mambo. Nilipoinua kichwa, bustani ilikuwa imejaa, na afisa wetu alikuwa amekaa kwenye benchi la saruji pamoja na mhudumu wa ofisi yake, mwenyeji wa pale pale, akifuta jasho.

"Mama," akaniita, "umesema watoto."

"Hawa nao walikuwa watoto, bwana afisa. Mimi sikuwaita."

Mzee mmoja mwenye koti la kijivu akanyoosha fimbo yake kuomba nafasi. Kwa heshima kabisa akauliza hiki ni chama gani, maana wamesikia wananchi wanaitwa. Mume wangu, badala ya kumjibu kwa mdomo wake, alikuwa ameshampa binti yake kipaza sauti aseme karibuni kama tulivyomfundisha. Basi mzee akamgeukia yeye.

"Haya, wewe mjukuu ndiye msemaji. Mnatuahidi nini?"

Mtoto akatafakari. "Keki," akasema, na spika zikalipeleka neno hilo mji mzima.

"Iko wapi?"

"Hii hapa."

Kelele zilizolipuka sijawahi kuzisikia tena. Watu walipiga miluzi. Mwanamume mmoja akasema kwa sauti kwamba amehudhuria mikutano yote tangu vyama vianze, na huu ndio wa kwanza kuja na ahadi yenyewe mezani. Afisa alisimama, akakaa, akasimama tena.

Niliona tuharakishe. Nikawasha mishumaa, upepo ukaizima, nikaiwasha tena, mume wangu akaanza kumwelekeza mtoto apulize. Lakini mtoto yule alikuwa amejua kuhesabu mwaka ule ule, na alihesabu kila kitu alichokiona. Akanyoosha kidole juu ya keki, akahesabu, uso ukabadilika. Kipaza sauti bado alikuwa nacho.

"Bibi! Mbona tisa? Mimi nina sita!"

Sita ikaenda sokoni, ikaenda machinjioni, na naamini mwangwi wake ulifika porini. Mama mkwe wangu aliinuka kwenye mkeka kwa kasi ambayo magoti yake yalikuwa hayajaitoa kwa miaka mingi. Akamnyang'anya mtoto kipaza sauti. Hakuwahi kukishika kabla. Alikikaribia kama mtu anayetaka kukila. Akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kuitia ng'ombe:

"Anadanganya! Watoto wa siku hizi ni waongo!"

Umati ulielewa mara moja. Karibu kila mtu pale alilelewa na bibi wa namna hiyo. Walicheka mpaka wengine wakaegemea fimbo. Na mama mkwe, aliposikia sauti yake inarudi kutoka kwenye yale makabati, imekuwa kubwa kuliko ya mwanamume yeyote aliyewahi kumwambia anyamaze, hakukirudisha.

"Mwadila, badugu!" akawasalimu ndugu zake wote wa jioni ile.

"Mwadila, mayu!" wakaitika.

Alianza kwa kusimulia jinsi alivyomzaa baba wa mtoto huyu, wakiwa safarini wanahamisha mifugo kutafuta maji. Hakuna aliyempigia makofi. Shemeji yake aliuliza kama ni dume, akaambiwa ndiyo, safari ikaendelea. Mume wangu akainama kurekebisha waya ambao haukuwa na tatizo. Kisha mama mkwe akaingia kwenye habari ya barabara ya kutoka Mwanhuzi, ambayo alisema imemtikisa mpaka meno yamebadilishana nafasi. Kisha akafika kwenye lambo la kijijini kwao, walilochimbiwa na serikali kwa ngoma na ng'ombe wa kuchinjwa, likapasuka mvua ya kwanza, likabaki la kucheza watoto wa nguruwe.

Afisa alikuwa ameshafika kando yangu. "Mama, hii ni hotuba."

"Ni bibi wa mtoto, bwana afisa. Anamtakia mema mjukuu."

"Mbona inapigiwa makofi?"

"Ni mema mengi."

"Na anatumia lugha gani? Tulikubaliana Kiswahili. Anasema nini hapo?"

"Anashukuru kwa barabara."

"Na hapo?"

"Anasema lile lambo limewashangaza wote."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Afisa akamgeukia mhudumu wake. "Ni sawa hivyo?" Mhudumu, aliyekwisha kuonjeshwa mbuzi kabla ya wote, alikuwa na mfupa mdomoni, machozi yanamtoka. Akatikisa kichwa kukubali. "Kabisa, mzee. Ameguswa sana huyu mama."

Nilimwona yule bwana akilainika. Alikuwa mbali na kwao, hajui watu wanamwonaje, na sasa kundi zima linashangilia maendeleo mbele yake. Akanyoosha shati, akaenda mezani, akaomba kipaza sauti kwa adabu. Mama mkwe akampa, maana kijana aliomba vizuri.

"Ndugu wananchi," akasema, "nimefarijika mno kwa shukrani zenu. Kuhusu barabara na lambo, nawaahidi tutaongeza mengine kama hayo hayo."

Kicheko kilichofuata kiliwaamsha mbuzi waliokuwa wamelala kivulini mwa ofisi. Watu walimshika mkono, walimpiga mgongoni. Mzee wa koti la kijivu alimwambia hajawahi kuona kiongozi mkweli namna hiyo. Afisa akatabasamu mpaka masikioni, na kwa kuwa sasa tulikuwa na mgeni rasmi, alishika kisu pamoja na binti yangu wakakata keki.

Keki ile ilikuwa ya watoto wachache. Mama mkwe aliipanga foleni kwa mikono yake, watoto mbele, wanaume wa mnadani nyuma, na kila mtu akapewa kipande cha ukubwa wa komunyo. Walikipokea kwa viganja viwili. "Wabeja," walisema, asante, wakakiweka ulimini na kutazama juu. Mwenye koti alisema ni kama mkate uliolala kwenye sukari. Baada ya hapo tukala mbuzi na michembe iliyochemshwa, chakula chenyewe, na watoto wakakimbizana wakigonga vile vibofu mpaka jua likashuka. Binti yangu alilala mkekani na kibofu kimoja mkononi. Bibi yake akambeba mgongoni, akakataa kusaidiwa. Njiani nilimsikia akimnong'oneza mtoto aliyelala kwamba ana miaka tisa, tisa, tisa.

Jumatatu niliitwa ofisini. Miguu yangu ilikwenda kwa sababu haikuwa na pengine pa kwenda. Afisa alifunga mlango.

"Mama, nimeelezwa yule bibi alisema nini."

Nilikuwa nafikiri nani atauza mitumba yangu nikiwekwa ndani.

"Lile lambo," akasema kwa uchungu, "lilichimbwa kabla sijahamia huku. Mimi silijui hata kulijua. Ungenitafsiria sawasawa ningewaeleza pale pale. Sasa watu wananisalimia barabarani, bwana lambo, bwana lambo."

Nikamwomba radhi. Akaniangalia kwa muda, nami nikaona pembe ya mdomo wake inacheza. Akauliza ni nani aliyeoka ile keki, kwa maana ana mtoto wake pwani atakuja likizo. Nikamwelekeza kwa mke wa mchungaji, nikatoka kabla hajafikiri upya.

Nyumbani nako hakukuwa na utulivu. Watu wa vyama viwili tofauti walikuja, kwa siku tofauti, kumshawishi mama mkwe agombee udiwani. Aliwakaribisha wote, akanywa soda zao, akawauliza diwani anapewa ng'ombe wangapi. Waliposema hapewi ng'ombe, akashangaa kazi gani hiyo. Alirudi Mwanhuzi na lori lile lile lililomleta. Siku ya kuondoka nilimfungia sato wa kukaanga kwa safari. Aliunusa mfuko, akauweka juu ya mapaja yake, na kabla lori halijaondoka alikuwa ameshaanza kula.

Mwaka uliofuata, upaliliaji ulipofika, tulimuuliza binti yetu anataka nini safari hii. Mume wangu alikuwa ameshika ukingo wa meza. Mtoto akasema anataka viatu vyekundu vya kung'aa. Baba yake alivaa kofia akaenda kuvinunua saa ile ile.